Mtungi Usiotoa Jasho

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii husomeshwa sana shuleni, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni kejeli juu ya fundi asiyejitunza mwenyewe. Sisi twapenda isomwe kwa namna nyingine, yaani kama swali aulizwalo mnunuzi. Ikiwa yule aliyekifinyanga chungu anakula katika gae, basi chungu kizima kimekwenda wapi, na kwa bei gani?

Jibu mojawapo la swali hilo lapatikana Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Soko kuu lililofunguliwa hapo mwaka 1975, na ambalo liliungua Julai 2021, lilibuniwa na Beda Amuli, na jina lake limehifadhiwa pamoja na kazi yake. Lakini mtu akiinamisha macho yake kutoka kwenye majengo hadi chini penye bidhaa za udongo, ataona vyungu vya kupikia, mitungi, mikungu ya kufunikia na vyetezo, na hataona hata kimoja chenye jina la aliyekifanya. Akiuliza, ataambiwa bei. Akiuliza tena, huenda akatajiwa mkoa. Jina la mtu halimo katika biashara hiyo.

Kutokuwapo kwa jina kumeleta kutokuwapo kwa uhakiki. Vinyago vya Wamakonde vimeandikiwa vitabu, na michoro iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, imeendelea kubeba jina lake hadi leo. Chungu kimeachwa nje ya mlango wa sanaa kwa sababu ya masizi yake. Nasi hatuna budi kukiingiza ndani na kukipima kama kazi nyingine yoyote ya sanaa, kwa kusifu na kwa kulaumu.

Tuanze na kulaumu. Siku hizi huuzwa jijini mitungi iliyopakwa rangi ya mafuta, ikachorwa twiga, simba na mlima wenye theluji, kisha ikang'arishwa kwa vanishi. Huwekwa pembeni mwa sebule au penye mlango wa hoteli. Mtungi huo umebaki na tumbo la mtungi, shingo ya mtungi na mdomo wa mtungi, ila kazi ya mtungi umeipoteza. Maji katika mtungi wa udongo hupoa kwa sababu udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo, hutokeza nje kama jasho, hewa ikayakausha, na katika kukauka huko joto likachukuliwa. Rangi ya mafuta huziba vitundu hivyo. Mtungi uliopakwa rangi hautoi jasho, na mtungi usiotoa jasho ni sanamu ya mtungi.

Watakuwapo watakaosema kwamba mnunuzi wa sebuleni ana jokofu, hahitaji maji ya mtungini, na kwamba mfinyanzi naye ana watoto wa kulisha. Hoja hii ni nzito, wala hatuipuuzi. Hatumtaki mfinyanzi alale njaa ili sisi tufurahishwe na usafi wa jadi. Pambo si kosa. Kosa ni pambo linaloona haya ya udongo likaufunika.

Mfano ulio karibu ni wa jirani yetu, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alijifunza Uingereza, na katika miaka ya 1970 akajifunza pia Nigeria kwa mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali, ambaye sura yake imechapwa nyuma ya noti ya naira 20. Vyombo vya Odundo havikutengenezwa kwa kupikia wala kwa kutilia maji. Ni pambo tupu, na vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho, likiwamo British Museum mjini London. Lakini havikufinyangwa kwa gurudumu, wala havikupakwa rangi ya dukani. Huvisugua mpaka ving'ae, kisha huuachia moto utie rangi: hewa ikiwa tele chombo huwa chekundu, moshi ukifungiwa huwa cheusi. Hilo ni pambo lililotoka ndani ya udongo wenyewe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kulijua jambo hili. Katika pwani yetu vimechimbuliwa vigae vya karne ya 6 na zilizofuata, vilivyochorwa pembetatu kwa kukwaruza udongo ukiwa bado mbichi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa walioviandikia kwa kina. Alama zile zimezikwa zaidi ya miaka elfu moja, na bado zasomeka. Rangi ya mafuta huanza kubabuka ingali sebuleni.

Sasa tusifu. Katika bidhaa zile zile za Kariakoo, chetezo cha udongo chenye matundu ni kazi iliyokamilika. Matundu yake humpendeza atazamaye, na hayo hayo ndiyo yanayopitisha hewa ili kaa lisizimike na udi ufuke. Ukiyaziba, umeharibu sura na kazi kwa pamoja. Vivyo hivyo chungu cha kupikia: duara la kitako chake hukaa vema juu ya mafiga matatu na kuupokea moto pande zote. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa Lyulilo karibu na Matema na kusafirishwa mbali na ziwa, huutengeneza mviringo huo kwa mkono na kwa jicho. Mviringo huo haukuchorwa kwa bikari, lakini mchuzi hautambui tofauti.

Basi twawaomba walimu wawapeleke wanafunzi sokoni kama wanavyowapeleka katika jumba la makumbusho. Wakibishe chungu kwa kidole na kusikiliza: kilichoiva hulia, chenye ufa huguna. Wapime uzito wake mkononi, wapapase mdomo wake kama una unene mmoja, watazame doa jeusi ambapo ndimi za moto zilipitia. Kisha waulize nani alikifinyanga, na wasiridhike kutajiwa mkoa.

Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumesema mengi juu ya kuuenzi utamaduni. Lakini mtu aliyelipa bei ya ndoo ya plastiki bila neno, kisha akasimama nusu saa kupunguza bei ya chungu, hajauenzi bado. Mnunuzi akijua kazi njema, mfinyanzi hatalazimika kuifunika kwa rangi ili iuzike. Naye akila katika chungu kizima, methali yetu itabaki kuwa habari ya zamani.