Upepo Unaokaza Kioo

Ukivaa miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayoipenda madereva na wavuvi kwa kuwa inaua mng'ao wa lami na maji, tazama kioo cha nyuma cha gari lililo mbele yako kwenye foleni. Mara nyingi utaona madoa yaliyojipanga safu kwa safu. Si uchafu, wala tinti iliyobandikwa vibaya. Ni alama za mahali upepo ulipopiga siku kioo kile kilipotoka tanurini, na kila doa lina tundu lake la hewa.

Kiwandani kazi huanza na kukata. Kioo hukatwa, kikasuguliwa kingo na kutobolewa kabla hakijaona moto, maana baadaye hakikatiki tena: ukikipitishia almasi kinamwagika chote. Kisha huingia tanurini juu ya rola za kauri na kukaa humo takriban sekunde 40 kwa kila milimita ya unene. Cha milimita 6 hukaa kama dakika 4, kikatoka na joto la nyuzi 620 hadi 640 za Selsiasi. Hapo kimelegea kiasi cha kuachia mikazo yote ya zamani, ila hakijalegea mpaka kikabonyea kati ya rola. Nafasi hiyo ni finyu. Kikitoka na joto pungufu, upepo unakipasua palepale. Kikizidi moto, kinabaki na mawimbi ambayo mteja atayaona maisha yake yote.

Kutoka tanurini kinaingia moja kwa moja kati ya safu mbili za matundu ya hewa, moja juu na nyingine chini. Ngozi ya kioo inapoa na kuganda wakati moyo wake ungali laini. Moyo nao unapofikia zamu yake, unataka kusinyaa, lakini ngozi imeshaganda na haikubali kufuata. Basi ngozi inabaki imebanwa, na moyo unabaki umevutwa. Ufa huanzia juu, na pale palipobanwa haupati pa kufungukia. Kiwango cha Marekani kinataka mbano wa juu usiopungua megapaskali 69, na ili kuufikia, ngozi na moyo lazima vipishane kwa zaidi ya nyuzi 100 wakati kioo kinaganda. Katika kioo cha milimita 6, ngozi na moyo vimetengana kwa milimita 3 tu!

Kwa hiyo kazi ya upepo si kukipoza kioo. Kupoa kingepoa chenyewe kikiachwa. Kazi ni kuiwahi ngozi kabla joto la moyo halijafika kuifidia. Mfaransa Royer de la Bastie, aliyeandikisha hataza yake mwaka 1874, alifanya hivyo kwa kutumbukiza kioo cha moto katika mafuta. Hewa ni safi na rahisi zaidi, lakini inabeba joto kidogo sana, na hapo ndipo ufundi unapoanzia.

Feni ya kawaida inayopuliza sambamba na kioo haitoshi. Hewa inayoteleza juu ya uso huacha tabaka lililotulia, lenye joto, linalokifunika kioo kama blanketi, na kadiri inavyosafiri ndivyo blanketi linavyonenepa. Hewa inayopiga wima hulibana tabaka hilo mpaka likawa jembamba mno pale inapotua, kisha hutawanyika pembeni. Panga matundu mengi karibu karibu na kila moja linaanza upya. Umbali nao una hesabu yake: kiini cha mkondo hubaki na kasi yake kwa umbali wa kama kipenyo cha tundu mara tano au sita, kisha hewa iliyotulia kando inakila. Ndiyo maana matundu huwekwa karibu na kioo.

Wengi hudhani hewa yenyewe lazima iwe ya baridi. Kioo kikiwa na nyuzi 620, tofauti ya hewa ya nyuzi 25 na ya nyuzi 35 haifiki asilimia 2 ya pengo la joto. Wepesi wa hewa ya moto unaongeza hasara kidogo tu. Kasi ndiyo inayotawala.

Kinachosumbua kweli, kwa maoni yangu kuliko umbo la tundu, ni hewa iliyokwisha kutumika. Ikikosa njia ya kurudi kati ya matundu, inakimbilia kingoni, na njiani inaisukuma mikondo mingine isipige wima. Katikati ya kioo panapoa polepole kuliko pembeni, na mbano unatofautiana. Mtu anayenunua feni kubwa zaidi bila kupanua njia za kutokea hewa ananunua umeme tu.

Hata mpangilio ukiwa mzuri, chini ya kila tundu panapoa haraka kuliko kati ya matundu. Dawa yake ni kukitembeza kioo mbele na nyuma kikiwa chini ya upepo ili mapigo yasambae. Kioo cha gari kilichopindwa mara nyingi hakina nafasi kubwa ya kutembea, hivyo madoa yanabaki. Viwango havihesabu madoa hayo kuwa kasoro. Kinachohesabiwa ni vipande: kwa mujibu wa EN 12150 ya Ulaya, kioo cha milimita 4 hadi 12 kikivunjwa lazima kitoe vipande visivyopungua 40 katika mraba wa sentimita 5.

Wembamba ndio unaoishinda hewa. Tofauti ya joto kati ya ngozi na moyo hulingana na unene ukizidishwa kwa nguvu ya upepo ya kunyonya joto. Ukipunguza unene kwa nusu, nguvu hiyo lazima iongezeke mara 2. Lakini nguvu ya mikondo inayopiga haikui sawa na kasi. Kwa kanuni inayotumika sana, hufuata kasi kwa kipeo cha theluthi mbili, hivyo kasi inapaswa kupanda karibu mara 2.8. Umeme wa feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, na matokeo ni zaidi ya mara 20 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo sababu vioo vya simu, ambavyo havifiki hata milimita 1, havipulizwi. Hutumbukizwa kwa saa kadhaa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, kwa nyuzi kama 400, na chembe kubwa za potasiamu huingia mahali pa zile ndogo za sodiamu na kuibana ngozi bila upepo wowote.