Upweke wa Steinbeck Safarini

Mwaka 1960 John Steinbeck aliizunguka Marekani katika lori dogo lililojengewa chumba cha kulala, akaliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Mwenziwe alikuwa mbwa, Charley. Kitabu chake cha 1962, Travels with Charley, chataka tusadiki kwamba alijitenga na watu wake. Lakini mkewe, Elaine, alifuatana naye toka Seattle hadi California; mswada ulimtaja, kitabu kikamfuta katika sehemu hiyo. Kusafiri na mke si kosa. Kumfuta kumeidhoofisha kazi. Ukurasa wenye uhai ni ule anapokiri kwamba mara tatu kwa juma alipiga simu New York apate kujitambua yu nani. Hapo upweke wasadikika, maana yuko anayekosekana. Kwingineko Charley ndiye asemezwaye, na majibu ya mbwa hutungwa na bwana wake.