Mguu wa Mashine

Igowole, huko Mufindi, ni mji wa chai, mbao na pikipiki. Fundi wa chensoo wa pale akiletewa mashine kuukuu ya boti, upande wa juu hautamsumbua: petroli iliyochanganywa na oili, plagi, kabureta, vitu anavyovijua gizani. Utakaomtoa jasho ni mguu, ile giaboksi inayozama majini.

Kwa ufundi wa mguu sharti ushuke hadi Matema, wilayani Kyela, Ziwa Nyasa linapokutana na milima ya Livingstone. Ole Evinrude alianza kutengeneza mashine zake za boti Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, na kanuni ya mguu haijabadilika: nguvu hushuka kwa shafti iliyosimama, kisha hugeuzwa kwenda kwenye shafti ya propela iliyolala. Pinioni ya meno 13 ikizungusha gia ya meno 26, injini huzunguka mara mbili, propela mara moja. Kazi yote hiyo, katika mashine nyingi ndogo, hufanyika ndani ya oili isiyofika nusu lita.

Fundi wa Matema hufungua boliti ya kumwagia na kuikinga oili kiganjani. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Huisugua kwa vidole: unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, chembe zinazochoma ni meno yanayomeguka. Mwenye haraka humwaga, hujaza oili mpya, hudai pesa yake. Huyo hajatengeneza kitu, maana maji yana njia yaliyopitia, na bado iko wazi.

Mara nyingi njia hiyo huanzia kwenye uzi wa nailoni wa nyavu. Hujiviringisha nyuma ya propela, ukajipenyeza hadi kwenye sili inayozuia maji na kuikata. Fundi huutoa kwa ncha ya kisu, halafu hupitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, hata sili mpya itavuja.

Halafu kuna pini. Mashine nyingi za zamani zina pini laini iliyowekwa ikatike propela inapogonga jiwe, ili gia zipone. Wapo wanaochomeka msumari mgumu mahali pake. Boti hurudi nyumbani siku hiyo, lakini jiwe linalofuata hung'oa meno ya gia, na spea ya mashine ya umri huo ni ya kuokoteza kwenye mashine zilizokufa.

Sehemu ya kusifiwa zaidi huja baada ya kufunga. Kabla ya kutia oili, fundi huunga pampu ya baiskeli kwenye tundu la boliti, huuzamisha mguu kwenye pipa la maji, akasubiri. Povu likitoka, anafungua tena, hata kama mwenye boti amesimama nyuma yake akitazama saa. Lisipotoka, hujaza oili kuanzia tundu la chini mpaka ichuruzike tundu la juu, hewa isibaki ndani. Naye humwagiza mwenye boti airudishe mashine baada ya safari chache tu, ili fundi aifungue tena ile boliti ya chini na kuitazama rangi ya oili.