Mwandani si Mhusika Msaidizi Tu

Katika uhakiki, tumezoea kumwita mwandani wa shujaa mhusika msaidizi. Tamthilia ya BBC ya Doctor Who inatufanya tusite. Sarah Jane Smith, mwandishi wa habari, alisafiri na Daktari toka 1973 hadi 1976. Daktari alipoitwa kwao, alimshusha tu, akaenda zake. Rose Tyler wa 2005 anarudi nyumbani akidhani zimepita saa 12, kumbe ni miezi 12, na mama yake amemtafuta mwaka mzima. Hapo safari ina gharama, na anayeilipa ni aliyebaki. Mwaka 2006 Sarah Jane alirejeshwa, akakutana na Rose, akamuuliza Daktari kwa nini hakumrudia. Kwa maoni yetu, swali hilo ndilo uhakiki bora wa tamthilia ya awali.