Mahali bila Muda: Tahakiki ya Ufafanuzi wa Kielekezi katika The C Programming Language

Kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, The C Programming Language, kilichotoka mwaka 1978 na kupata toleo la pili mwaka 1988, kimesifiwa kwa ufupi na uwazi wake. Sifa hizo kinazistahili. Hata hivyo, toleo la pili lina pengo katika jambo linalowatatiza mno wanafunzi wa lugha ya C, yaani uhusiano wa kielekezi na uhai wa kile kinachoelekezwa.

Sura ya 5 inafasili kielekezi kuwa ni kigeu chenye anwani ya kigeu. Fasili hiyo ni sahihi, lakini inajibu swali la mahali tu. Swali la muda halimo. Kwamba vigeu vya ndani hutoweka funksheni inapokamilika, msomaji amekwisha kuelezwa tangu sura ya 1. Kazi ya kuyaunganisha mafunzo hayo mawili ameachiwa yeye. Asipoyaunganisha, ataandika funksheni inayorudisha anwani ya kigeu chake cha ndani, mithili ya mtu anayemwelekeza mgeni kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Onyo la wazi linakuja katika sehemu ya 7.8.5. Hapo waandishi wanaonyesha kitanzi kinachoachilia nodi ya orodha kwa free, kisha kinatafuta nodi inayofuata kwa kuisoma nodi ileile iliyokwisha kuachiliwa. Tiba wanayoitoa ni barabara: kinachohitajika kihifadhiwe kabla ya kuachilia. Mfano huo unafundisha kuliko maelezo marefu, ila umechelewa kwa sura mbili.

Inaweza kutetewa kwamba waandishi hawakuwakusudia wanaoanza kujifunza programu. Utetezi huo una uzito, lakini haumalizi hoja. Kosa la aina hii halijitangazi: kumbukumbu iliyoachiliwa huweza kubaki na thamani zake za zamani kwa kitambo, programu ikatoa jibu sahihi wakati wa majaribio na kuharibika baadaye. Uzoefu haumfundishi mtu kosa asiloliona.

Fasili ya kielekezi, basi, ingekamilika kama ingebeba mambo mawili pamoja: anwani, na muda ambao anwani hiyo ni halali. Mwalimu anayekitumia kitabu hiki hana budi kuifundisha sehemu ya 7.8.5 sambamba na sura ya 5.