"Stelingi Hafi": Maoni ya Watazamaji wa Filamu Kisii na Nyamira kama Uhakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vyetu umefikia hali ya kushangaza. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha dhamira nane za tamthilia na kutaja tamathali za usemi moja baada ya nyingine, kisha akashindwa kujibu swali jepesi: je, tamthilia hii ni nzuri, na kwa nini? Mwanafunzi huyo huyo, akiulizwa nje ya darasa kuhusu filamu aliyoitazama jana, hutoa hukumu bila kusita na kuitetea kwa hoja.

Makala hii inachunguza hukumu za namna hiyo, kama zinavyosikika miongoni mwa watazamaji wa filamu katika Kisii na Nyamira. Tunadai kwamba maoni haya, ambayo wengi wetu huyaita porojo, ni uhakiki wenye kaida zake. Aidha, tunadai kwamba yamehifadhi jambo ambalo uhakiki wa chuoni umelipoteza, nalo ni ujasiri wa kuhukumu.

Mazingira ya maoni

Filamu inayotazamwa Kisii mjini, Keroka, Ogembo au Nyamira hupitia safari ndefu ya lugha. Huenda imetengenezwa kwa Kiingereza, Kihindi au Kikantoni. Mara nyingi humfikia mtazamaji kupitia sauti ya dijei anayeisimulia upya kwa Kiswahili, sanaa iliyompatia DJ Afro umaarufu mkubwa nchini Kenya, kama ilivyompatia Lufufu umaarufu Dar es Salaam. Filamu ikiisha, watazamaji huijadili kwa Ekegusii, huku maneno ya Kiswahili kama vile "stelingi" na "adui" yakibaki kuwa istilahi za mjadala.

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anatukumbusha kuwa fani hii haielezeki bila fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Vyote hivi vinapatikana kwenye mlango wa kibanda cha video, kwenye kituo cha matatu, na katika mashamba ya majani chai ambako aliyeitazama filamu jana humsimulia aliyeikosa. Msimulizi huyu hasimulii tu. Huchagua, huruka yaliyomchosha na kurudia yaliyomgusa. Uteuzi wake ndiyo hukumu yake ya kwanza. Si ajabu kwamba Mwas, mhusika mkuu wa filamu ya Kenya Nairobi Half Life (2012), anauza filamu kijijini kwao kwa kuwaigizia wanunuzi matukio yake. Mtayarishaji wa filamu hiyo alimjua fanani huyu vizuri kuliko tunavyomjua sisi wahakiki.

Kaida ya stelingi

Kaida inayotajwa zaidi ni ile isemayo kuwa stelingi hafi. Msomi atakuwa mwepesi wa kuidharau na kuiona kama dalili ya ladha isiyokomaa. Lakini ikichunguzwa kwa makini, ni kile ambacho Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alikiita upeo wa matarajio: yale ambayo hadhira huja nayo kabla ya kazi kuanza, na ambayo kazi haina budi kuyatimiza au kuyavunja.

Nguvu ya matarajio haya haionekani Kisii peke yake. Katika riwaya ya David Morrell, First Blood (1972), Rambo hufa. Katika filamu ya mwaka 1982 hafi. Mwisho wa kifo ulipigwa picha, lakini ukaachwa baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa. Watazamaji wa Marekani nao walikuwa wamesema, kwa namna yao, kwamba stelingi hafi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watazamaji wetu hawaitumii kaida hii kwa upofu. Filamu ya Kihindi Sholay (1975) imependwa kote Afrika Mashariki, ilhali Jai, mmoja wa mashujaa wake wawili, hufa. Nimemsikia mzee mmoja wa Nyamira akilitetea jambo hili mbele ya vijana. Hoja yake ilikuwa ile sarafu. Tangu mwanzo Jai huamua mambo kwa kurusha sarafu. Baada ya kifo chake, rafiki yake Veeru anagundua kwamba pande zote mbili za sarafu hiyo ni sawa. Kumbe Jai alikuwa amejichagulia kubaki nyuma na kufa. "Kifo hicho kimelipiwa," mzee akasema. Kwa maneno matatu alikuwa amebainisha uhusiano wa msuko, ishara na hatima ya mhusika. Kaida kamili, basi, ni hii: stelingi hafi bure.

Kaida ya "uongo"

Kaida ya pili hujitokeza katika lawama kwamba filamu fulani "ni ya uongo". Mtazamaji atalalamika kuwa bunduki ya stelingi haiishi risasi. Lakini mtazamaji huyo huyo atatazama filamu ya Kichina ambamo watu wanapaa juu ya mapaa ya nyumba, na asilalamike hata kidogo. Je, huu si mkanganyo?

Hasha. Anachodai si uhalisi, bali utiifu wa kazi kwa sheria zake yenyewe. Filamu ya kupaa imetangaza sheria yake mapema. Filamu ya bunduki imejifanya ya ulimwengu wetu, kisha ikadanganya. Aristotle alikwisha kusema katika Ushairi kwamba lisilowezekana lakini likaaminika ni bora kuliko liwezekanalo lisiloaminika. Kwa hadhira iliyolelewa na ngano, au emegano kwa Ekegusii, hili si jambo geni. Sungura husema na hakuna anayeshangaa. Lakini sungura akiwa mjinga ghafla, bila sababu, mtoto aliyeketi karibu na moto atauliza.

Upungufu wa maoni haya

Hatukusudii kuyatukuza maoni haya kupita kiasi. Katika mijadala tuliyoisikiliza, wahusika wa kike hutajwa kwa nadra, na wakitajwa huwa ni tuzo ya stelingi au chanzo cha ugomvi. Ukatili wa stelingi hausailiwi maadamu aliyeumizwa ni adui. Hali kadhalika, mwenye sauti kubwa hushinda mwenye hoja. Haya ndiyo maeneo ambamo mhakiki aliyesomea kazi yake ana la kuchangia. Lakini hawezi kuchangia mjadala ambao ameukataa kabla ya kuusikia.

Isitoshe, mjadala wenyewe unabadilika. Wengi sasa hutazama filamu peke yao, katika simu ya mkononi, na kila mmoja ameitazama filamu yake. Pasipo filamu ya pamoja, hukumu haina wa kuipinga, na hukumu isiyopingwa hailazimiki kutafuta hoja.

Hitimisho

Nimalizie kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja kutoka Nyamira aliandika, katika insha kuhusu Kifo Kisimani (2001) cha Kithaka wa Mberia, kwamba Mwelusi ni stelingi na kwamba hakuona kifo chake kimelipiwa na nini. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "stelingi", nikaandika pembeni "lugha ya mtaani", na kumpunguzia alama. Wenzake walioorodhesha dhamira za uongozi mbaya na usaliti walipata alama nzuri.

Niliporudi kuisoma tamthilia hiyo baadaye, swali lake ndilo lililonifungulia mlango. Anwani yenyewe inatangaza kifo. Kwa hiyo taharuki haiko katika kama kifo kitatokea, bali kitatoka mkononi mwa nani. Mwuaji ni Gege, ndugu yake Mwelusi. Tamthilia inakilipia kifo hicho kwa kutuonyesha kwamba utawala dhalimu hauhitaji kuleta adui kutoka mbali ikiwa unaweza kumnunua ndugu. Pengine mwanafunzi angelikataa jibu hili, na pengine angelikuwa na haki ya kulikataa. Lakini nilimnyima nafasi ya kulisikia, kwa kuwa nami sikuwa nimejiuliza swali lake.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba semina zetu za uhakiki zianze pale mazungumzo ya kibandani yanapoanzia: kazi hii imekugusa au haikukugusa, na ni kitu gani ndani yake kinachokufanya useme hivyo? Dhamira na tamathali zitafuata zikiwa ushahidi, na huko ndiko mahali pake. Mwanafunzi yule amekwisha kuhitimu na alama zake haziwezi kubadilishwa. Wanaomfuata bado wako mbele yetu darasani, wakisubiri kuulizwa.