Jina la Silabi Tatu

Hesabu silabi za majina haya ya wanasiasa wa Ukambani: Kalonzo, Malombe, Kibwana, Mutula. Yote yana tatu, na katika yote mkazo unaangukia silabi ya kati. Kwa mpiga kura wa Kitui au Makueni jambo hilo halina uzito wowote. Kwa mwanamuziki anayetengeneza wimbo wa kampeni, huo ni mtaji. Kiitikio kilichopangwa kumeza jina la silabi tatu kinaweza kumwimba gavana leo na mpinzani wake kesho, bila gitaa wala ngoma kuguswa. Jina la Ngilu, lenye silabi mbili, litavutwa kidogo mwishoni, basi.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu wimbo wa siasa tumezoea kuujadili kwa kuuliza umemsifu nani na umemchoma nani. Ni nadra tuufungue tuone umeundwaje. Ukiufungua utakuta sehemu mbili zenye kazi tofauti kabisa. Kuna ubeti, ambamo mwimbaji anaeleza shauri lake: nani, wapi, lini, kwa hasara ya nani. Na kuna kiitikio, ambacho umati unakichukua na kukifanya wake. Kiitikio husafiri mbali. Ubeti mara nyingi huachwa njiani, na pamoja nao huachwa malalamiko yaliyoufanya wimbo utungwe.

Kwa hapa kwetu Kenya, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa vijana wawili. Mwaka 2002 Joseph Oyoo na Julius Owino, waliojulikana kama Gidi Gidi Maji Maji, walitoa "Unbwogable", wimbo wa rapu uliotayarishwa na Tedd Josiah. Hawakuutunga kwa ajili ya chama chochote. Ulikuwa wimbo wa wasanii waliobanwa na maisha wakijipa moyo. Lakini mwaka ule Daniel arap Moi alikuwa anafikisha miaka 24 madarakani, KANU ilikuwa imemsimamisha Uhuru Kenyatta, na upinzani uliounganika chini ya NARC ulikuwa unatafuta sauti. Ukaipata humo.

Tuutazame kwa karibu. Mdundo wake ni mzito na hauna haraka, kiasi kwamba hata asiyejua kucheza anaweza kutikisa kichwa na kwenda nao. Beti zake zina Kijaluo kingi, na zinataja wanasiasa wa Nyanza, Raila Odinga akiwamo. Kiitikio kinazunguka neno moja: mzizi wa Kijaluo wenye maana ya kutisha, uliovikwa Kiingereza mbele na nyuma. Mtu wa Mwingi aliyeusikia ndani ya matatu hakuambulia chochote kwenye beti, na hakuhitaji kuambulia. Neno lile moja lilimtosha kumwambia kwamba kuna mtu hatishiki. Mtu huyo ni nani? Wimbo ulimwachia nafasi ajaze mwenyewe. Kitui wangeweza kumweka Charity Ngilu, mbunge wao wa Kitui ya Kati, aliyekuwa amewania urais mwaka 1997. Mwingi wangeweza kumweka Kalonzo Musyoka, aliyekuwa ameihama KANU Oktoba ile ile. Kwa bahati wote wawili walikuwa upande mmoja msimu ule, hivyo kwa Ukambani kiitikio hakikuwa na mgongano.

Hiyo nafasi tupu ndiyo ufundi wenyewe, na ndiyo hatari yake pia. Kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 ilipofika, Mwai Kibaki, aliyeshinda urais kwa tiketi ya NARC, na Raila walikuwa kambi mbili zinazopigana, na neno lile lingeweza kuimbwa na kambi yoyote kwa sauti ile ile. Kilichokuwa kimefungwa kwenye beti, yaani dhiki ya vijana na historia ya siasa za Wajaluo, kilikuwa kimeshadondoka zamani.

Kampeni ile ya 2002 ilitupa kazi nyingine ya ufundi ambayo naithamini zaidi, na mtungaji wake ni umati. Kuna pambio la kanisani, maarufu kote nchini, linalosema kwamba kwa imani hakuna kisichowezekana. Watu waliondoa "kwa imani", wakaweka "bila Moi". Chunguza ubadilishaji ulivyofanyika: silabi nne zilitoka, nne zikaingia, na mkazo ukabaki palepale kwenye silabi ya tatu. Hakuna noti iliyosogezwa. Ndiyo maana uwanja mzima uliweza kuliimba siku Kibaki alipoapishwa Uhuru Park, tarehe 30 Desemba 2002, bila mazoezi na bila mwimbishaji. Makueni hapakuhitajika somo lolote. Misheni ya Africa Inland ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, kwa hiyo nyimbo za kanisa zina zaidi ya karne moja katika milima ile. Aliyebuni maneno yale mapya alitumia kumbukumbu ambayo mamilioni walikuwa nayo tayari vichwani. Lakini na hapo hapakuwa na ubeti. Pambio lilisema Moi aondoke. Halikusema anayeingia afanye nini.

Waingereza nao wana wasanii wawili wao. Bob Vylan, kundi lililoanzishwa Ipswich mwaka 2017, huchanganya rapu na panki: mmoja anashika kipaza sauti, mwingine yuko kwenye ngoma. Albamu yao ya mwaka 2022 waliitayarisha na kuitoa wenyewe, na imejaa mambo ambayo mtu wa mji wa Wote, Makueni, angeyaelewa bila mkalimani: bei za vitu, kodi ya nyumba, ubaguzi, polisi. Kisha tarehe 28 Juni 2025, katika tamasha la Glastonbury, mwimbaji aliuongoza umati katika kibwagizo kifupi cha kulitakia mauti jeshi la Israel, huku BBC ikirusha moja kwa moja. Marekani ikafuta viza zao, polisi wakaanza uchunguzi, na BBC ikakiri kwamba matangazo yalipaswa kukatwa. Kila msomaji atakuwa na msimamo wake juu ya kibwagizo kile. Mimi natazama kilichozipata nyimbo. Watu wengi walioanza kulijua kundi hilo wiki ile wanakumbuka maneno machache. Wangapi kati yao wanaweza kutaja ubeti mmoja kuhusu kodi ya nyumba? Kila tamasha lao sasa huanza kujadiliwa kabla halijafanyika, na mjadala unahusu kitakachopigiwa kelele katikati ya nyimbo. Kibwagizo kimezimeza beti.

Ukambani una njia ya zamani ya kulikwepa tatizo hili, na inanisikitisha kuona tunaiacha. Katika wathi, yaani ngoma ya Wakamba, mwenye wimbo ni ngui: ndiye anayetunga, ndiye anayeongoza. Kuna aina ya nyimbo ziitwazo myali, ambazo kazi yake ni kumweka hadharani aliyekosa, awe jirani au mkubwa. Ndani ya myali kosa hutajwa kwa namna ambayo kijiji kinajua ni nani na ni lini. Waitikiaji huja baada ya kusikia kosa. Kuitika kwao ni sawa na kusema tumesikia na tunakubali. Asiyekubali hunyamaza, na ngui anausikia ukimya huo hapo hapo. Hapo kiitikio hakiwezi kuukimbia ubeti, kwa sababu ndicho hukumu yake.

Benga ya Kikamba ilirithi sehemu ya mpangilio huo. Sikiliza rekodi za miaka ya 1970 na 1980 zilizopitia River Road, Nairobi. Mwanzoni gitaa hutulia, likisindikiza tu. Mwimbaji anasimulia kisa chake, ubeti kwa ubeti, na gitaa la solo linamjibu kwa kurudia mkondo wa sauti yake. Kisa kikiisha, maneno hukoma, magitaa yanapanda na watu wanacheza. Wakati wa kusikiliza na wakati wa kucheza vimetengwa. Huo ni uamuzi wa kiufundi wenye maana kubwa kisiasa: msikilizaji hufikia dansi akiwa ameshaambiwa jambo.

Ufundi ule ule uliweza pia kutumika kusifu. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, waliouvusha muziki wa Ukambani hadi taifa zima kwa kuimba pia kwa Kiswahili, walimwimbia Moi na falsafa yake ya Nyayo. Simlaumu Kakai, aliyefariki mwaka 1987, katika enzi ambayo redio ilikuwa ya serikali na njia nyingine zilikuwa chache. Ninaowauliza swali ni wanamuziki wa leo, walio na Musyi FM, YouTube na simu mfukoni, na bado wanauza kiitikio kitupu. Wimbo wa kampeni siku hizi umegeuza mpangilio wa benga juu chini: gitaa linapanda tangu sekunde ya kwanza, jina la mheshimiwa linarudiwa, na mahali pa kisa hapapo kabisa.

Upande wa pili yuko mwanarapu King Kaka, Kennedy Ombima. Desemba 2019 alitoa "Wajinga Nyinyi", kazi ambayo karibu yote ni ubeti. Alitaja vyeo, kashfa na majina, kisha akamgeukia mpiga kura na kumwambia naye ana hatia. Mawakili wa Anne Waiguru, gavana wa Kirinyaga wakati ule, wakamwandikia, naye akasema ametafutwa na wapelelezi. Kazi ile imeandikwa kwa Kiswahili na Sheng, kwa hiyo ilifika Kitui ikiwa nzima, beti zake zote. Udhaifu wake uko jukwaani. Umati hauna pa kuingilia. Unasimama na kusikiliza kama ulioitwa kwenye baraza la chifu. Ukiipeleka uwanja wa Unoa, Wote, siku ya mkutano, nusu ya watu watarudi kwenye shughuli zao kabla haijaisha.

Nikiambiwa nichague, ningechukua ubeti wa King Kaka na kuuweka ndani ya mpangilio wa benga: kisa kwanza, gitaa likiwa chini, waitikiaji wakiingia baada ya kila shtaka, na dansi ije mwisho. Kuna tahadhari moja ya kisheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa uchochezi wa kikabila, na mwaka 2012 wanamuziki watatu wa Kikuyu walifikishwa mahakamani kwa nyimbo zao. Ngui wa myali angeielewa sheria hiyo haraka. Yeye hushtaki tendo na mtendaji. Kabila zima halijawahi kuwa mshtakiwa wake.

Wala hakuna upungufu wa mambo ya kuimba. Bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa mwaka 2018 na limekuwa ahadi ya kila mkutano tangu hapo. Makaa ya mawe ya Bonde la Mui, Kitui, yamewaweka wenye mashamba katika mashaka ya fidia kwa miaka mingi. Mchanga wa mito unasombwa. Kila moja ya mambo haya lina tarehe, lina saini, lina watu waliolikalia.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na studio hazitangoji siku hiyo. Mwanamuziki wa Kitui au Makueni utakayeingia kurekodi, nakuomba uandike ubeti wa Thwake kwanza, mpaka uishe. Jina la mheshimiwa litakusubiri. Silabi zake ni tatu tu, na mahali pa kuliweka hapatakosekana.